Bango kwenye ploti ya jirani: kikao cha Alhamisi kina uzito gani?

Swali: "Ploti iliyo mkabala na nyumba yetu ina bango tangu wiki jana. Limeandikwa kwa Kiingereza kwamba mwenyewe anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka makazi kuwa kituo cha mafuta, na mwenye pingamizi alete kwa maandishi katika siku 14. Mzee wa mtaa naye amepita akitangaza kikao cha umma Alhamisi saa nne, ukumbi wa manispaa. Wengine hapa wanasema mambo yameshaiva, kwenda ni kupoteza siku. Wengine wanataka twende kwa wingi tupige kelele. Mimi ni mwalimu, sina wakili. Nifanye nini, na nikisema, ni nani hasa anayenisikiliza?" (Msomaji, mji mdogo wa manispaa, pwani ya Kenya)

Jibu:

Dada, nenda. Ila kabla ya kwenda uwe umeshapeleka barua, kwa sababu anayeamua jambo hili huenda asiwe ukumbini siku hiyo.

Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ruhusa ya kujenga au kubadilisha matumizi hutolewa na waziri wa kaunti anayeshughulikia mipango ya ardhi. Baadhi ya kaunti zimekabidhi sehemu ya kazi hiyo kwa manispaa, kwa hiyo tazama kichwa cha barua na anwani iliyo kwenye bango ujue faili lako limekaa ofisi gani. Vyovyote itakavyokuwa, wale watakaokaa meza ya mbele Alhamisi, yaani msimamizi wa wadi, afisa wa mipango, pengine meneja wa manispaa na mwakilishi wa wadi, wanakusanya maoni tu. Uamuzi utafanywa baadaye, mezani, na mtu mwenye faili mbele yake. Ndani ya faili hilo mna fomu ya ombi, ripoti ya mtaalamu wa mipango ya ardhi aliyeajiriwa na mwenye ploti, majibu ya idara nyingine, barua za pingamizi na kumbukumbu za kikao. Husemwa asiyekuwapo na lake halipo. Kwa mambo ya ploti, hata aliyekuwapo lake halipo kama halimo kwenye faili.

Ndiyo maana rai zote mbili za mtaani kwenu zina kasoro. Wanaosema mambo yameiva wanasahau kuwa sheria hiyo inamtaka mwamuzi azingatie maoni ya umma, na uamuzi uliotolewa bila kuyagusa una ufa ambao rufaa inaweza kuingilia. Wanaotaka kelele nao wanasahau kuwa kelele haziandikiki. Karani ataandika "wananchi walionyesha kutoridhika" na mstari huo hautamsaidia yeyote. Kikao si kura: watu 200 waliosema hawataki hawamshindi mtu mmoja aliyeonyesha kuwa lori la mafuta haliwezi kukata kona pale bila kufunga barabara ya shule.

Anza na faili. Kesho asubuhi nenda ofisi ya mipango ya ardhi ukiwa na picha ya bango iliyo wazi, inayosomeka namba ya ploti, jina la mwombaji, tarehe na anwani. Piga picha nyingine ya mbali inayoonyesha bango lilipowekwa, maana bango lililofichwa nyuma ya mti au kugeuziwa ndani ya ua ni hoja yenyewe. Ofisini uliza mambo matatu: namba ya kumbukumbu ya ombi, tarehe lilipopokelewa rasmi, na kama unaweza kusoma ripoti ya mtaalamu huyo wa mipango na mchoro wa ploti. Ukiambiwa faili ni la siri, usigombane na karani. Andika ombi la taarifa hapo hapo kwa mkono. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inakuruhusu uombe kwa Kiingereza au Kiswahili, ombi lenyewe halilipiwi, unalipia nakala tu, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Siku 21 ni nyingi kuliko muda ulio nao, nalijua hilo. Kazi ya karatasi hiyo ni kuthibitisha baadaye kwamba uliomba na hukupewa, na mara nyingi afisa akiona ombi limeandikwa na linasubiri muhuri, faili hupatikana siku ile ile.

Ile tarehe ya kupokelewa ndiyo saa yako, na watu wengi huipuuza. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kuwa amepewa ruhusa. Tuseme ombi liliingia tarehe 3 Machi. Ofisi inatakiwa isambaze nakala kwa idara husika, kama barabara, afya, mazingira na miundombinu, ndani ya siku 7, yaani kufikia tarehe 10. Idara zina siku 14 za kutoa maoni tangu zipate nakala, kwa hiyo tarehe 24 hivi majibu yawe yamerudi. Siku ya 60 ni tarehe 2 Mei. Mkiambiwa kikaoni "tutawaita tena tukishatafakari", mkaenda nyumbani mkangoja, tarehe 2 Mei inaweza kupita kimya na ruhusa ikawepo bila mtu kuitia sahihi. Kwa hiyo barua yako iombe waziwazi ombi likataliwe, au lipewe masharti, kwa maandishi na kabla ya siku 60 kuisha, na uitaje tarehe yenyewe. Ofisi yenye mafaili mengi hushukuru kukumbushwa, hata kama haisemi.

Sasa barua. Kurasa mbili zinatosha, na hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko mahali popote.

Mwamuzi hawezi kutumia kila sababu. Sheria inamfunga kwa mipango ya mji iliyoidhinishwa, na inamtaka aangalie afya, utulivu na urahisi wa maisha ya jamii, maoni ya idara, maoni ya umma, na kwa ardhi ya kukodi, masharti ya lizi, yaani mkataba wa kukodi. Sababu isiyoingia kwenye mojawapo ya hizo haina pa kukaa. "Mwombaji ni mtu wa kuja", "tayari kuna vituo viwili mjini, huyu ataharibu biashara", "aliwahi kutudhulumu": hizo ziache nyumbani, hata zikiwa kweli, maana hufanya barua nzima ionekane ugomvi wa majirani. Hofu kwamba nyumba zitashuka bei ni dhaifu ikisimama peke yake. Ipe mguu wa kusimamia, kwa mfano kelele za usiku, taa kali au moshi, halafu hoja igeuke kuwa ya utulivu.

Kwa kituo cha mafuta hoja zenye nguvu ni nne, nawe chagua tatu unazoweza kuzithibitisha.

Ya kwanza ni mpango wa mji. Uliza ofisi hiyo hiyo ploti yako na ile ya jirani zimetengewa nini kwenye mpango wa eneo ulioidhinishwa. Kama eneo zima ni makazi, taja jina la mpango na mwaka wake, na useme ombi linapingana nao. Hoja hii ni kavu, haina machozi, lakini ndiyo inayomfunga mwamuzi kuliko zote. Angalia pia kama ploti ni ya lizi, kwa kuomba cheti cha utafutaji rasmi kwenye rejista ya ardhi. Lizi nyingi za zamani za mjini zina sharti kwamba ardhi itatumika kwa makazi tu.

Ya pili ni barabara. Chukua futi ya kupimia ya mita 30, pima upana wa barabara mbele ya ploti kutoka ukingo hadi ukingo, pima umbali kutoka mlango unaopendekezwa hadi makutano ya karibu na hadi geti la shule. Hesabu magari, tuktuk, bodaboda na watoto wanaopita, saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu hadi kumi na mbili jioni, siku mbili tofauti, kwa vipande vya dakika 15. Andika kwenye daftari la mistari, majina ya waliohesabu yakiwa chini. Idara ya barabara huenda haijawahi kuhesabu pale, na takwimu pekee iliyo kwenye faili ndiyo inayonukuliwa. Ukiwa mwalimu, kazi hii unaijua kuliko maafisa wengi.

Ya tatu ni maji, na kwa mji wa pwani naiona ndiyo nzito. Miji mingi yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una mashimo na nyufa, maji hupita upesi, na mafuta yakivuja kutoka tangi la chini ya ardhi hayachujwi na udongo kabla ya kufika kisimani. Orodhesha visima vinavyotumika ndani ya mita 100 au 200 za ploti: nyumba gani, kina kiasi gani, kinahudumia nyumba ngapi, kimepimwa maji lini kama kimewahi kupimwa. Chora kwenye karatasi moja, weka kaskazini, weka umbali. Msikiti ukiwa na kisima cha udhu, nao uwemo.

Ya nne ni moto: umbali kutoka matangi na kipumulio chake (bomba la kutolea mvuke) hadi jiko la jirani, hadi karakana inayochomelea vyuma, hadi transfoma ya umeme. Hoja hii ni nzuri kama kuna kitu mahususi karibu. Kama hakuna, iache, kwa sababu kusema "mafuta yanalipuka" kunajibiwa kwa sentensi moja: kila mji una kituo.

Kila hoja iandike kwa mpangilio huu: jambo lenyewe, ushahidi, unachoomba. Hivi:

"Kuhusu ombi namba … la kubadilisha matumizi ya ploti namba …. Mimi ni mkazi wa ploti namba …, mita 18 mkabala. Ninapinga ombi hili. Ndani ya mita 120 kuna visima sita vinavyotumika kwa kunywa na kupikia (mchoro A). Ripoti ya mwombaji haivitaji. Mwamba wa eneo hili ni matumbawe. Naomba ombi likataliwe. Au, kabla ya uamuzi, mwombaji aagizwe kuleta uchunguzi wa maji ya chini na wakazi wapewe nafasi ya kuuona."

Tazama sentensi ya mwisho ilivyo na milango miwili. Barua isemayo "tunapinga, basi" inamwachia mwamuzi njia mbili tu, na akiona hana sababu ya kutosha ya kukataa, anakubali bila sharti hata moja. Barua inayoomba pia masharti inabaki kazini hata ukishindwa. Masharti unayoweza kuomba kwa kituo cha mafuta ni kama haya: saa za kufungua, saa za lori kushusha mafuta zisigongane na saa za shule, mlango wa kuingia tofauti na wa kutoka, ukuta upande wa nyumba, taa zielekezwe chini, mtaro wenye chemba ya kutenganisha mafuta na maji kabla hayajatoka nje ya ploti, na kisima kidogo cha uchunguzi pembeni ya matangi. Kuomba masharti si kusalimu amri. Andika wazi: "bila kuacha pingamizi langu".

Barua moja yenye sahihi 60 au barua kumi? Sahihi 60 chini ya barua moja ni hoja moja yenye watu wengi. Barua nne kutoka kwa watu wanne wenye mambo tofauti (mwenye kisima, mkuu wa shule, dereva wa tuktuk wa stendi ile, mama anayelala ukuta kwa ukuta na ploti) ni hoja nne. Fanyeni zote mbili kama muda upo, ila zile nne kwanza. Msinakili barua moja na kubadilisha majina juu. Afisa akiona nakala kumi huzibana pamoja kwa pini na kuziandika "kumi, zinazofanana".

Toa nakala. Ya asili iende kwa ofisi iliyotajwa kwenye bango, nyingine kwa meneja wa manispaa, nyingine kwa ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Nakala moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na jina la aliyeipokea. Bila muhuri hujapeleka kitu. Barua pepe ni nyongeza nzuri, lakini muhuri ndio unaosimama mbele ya kamati ya rufaa. Na siku 14 za bango zihesabu kwa usalama: kama hujui zinaanza tarehe iliyoandikwa au tarehe lilipotundikwa, chukua ile inayoisha mapema.

Haya, Alhamisi.

Fika nusu saa kabla. Jambo la kwanza utakalokutana nalo mlangoni ni karatasi ya mahudhurio, na hapa watu hunaswa. Kabla ya kutia sahihi, soma kichwa cha karatasi. Ikisema "Orodha ya waliohudhuria", sawa. Wakati mwingine kichwa hakipo, ni safu tupu za jina, namba ya kitambulisho, simu na sahihi; karatasi hiyo ikija kubandikwa nyuma ya ukurasa uliochapishwa "sisi majirani tumeridhia", hutaweza kuikana sahihi yako. Dawa yake ni ndogo: kwenye nafasi iliyo kando ya jina lako andika kwa kalamu "nimehudhuria tu, pingamizi langu ni la maandishi, limepokelewa" na tarehe ya muhuri. Waambie na jirani zako wafanye hivyo. Piga picha ya ukurasa ukishaandika. Ndiyo, mtu mlangoni atanuna.

Muulize mwenyekiti mwanzoni, kwa adabu, nani anaandika kumbukumbu na kama kikao ni cha ombi namba fulani. Swali hilo la pili si la kujionyesha. Ukumbi huo huo, wiki hiyo hiyo, unaweza kutumika kwa kikao cha bajeti au cha mswada wa fedha, na mambo hayo yana njia zake. Kikao cha mswada wa fedha kinahusu ada: leseni za biashara, ushuru wa soko, maegesho. Ni mambo ya bunge la kaunti, na umma unapokosa kushirikishwa sheria nzima inaweza kuanguka, kama ilivyoanguka Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 mbele ya Mahakama Kuu mwaka 2014; jaji alieleza kuwa tangazo la juu juu halitoshi, watu wafikiwe makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na redioni. Kikao cha bajeti nacho kina kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili. Ukitaka mtaro wa mtaa wenu uzibuliwe, hizo ndizo tarehe zako. Kwenye kikao cha kituo cha mafuta mtaro unahusika tu pale maji ya ploti ile yatakapomwagikia. Watu wengi huinuka kwenye kikao cha ploti wakalalamikia taka, maji na taa za barabarani, saa mbili zikaisha, na mwombaji akatoka akitabasamu.

Zamu yako ikifika utapewa dakika tatu, pengine mbili. Andika ukurasa mmoja usiozidi maneno 300 na uusome. Jina, ploti, umbali kutoka eneo la mradi, unapinga, hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu, unachoomba. Sema kwa Kiswahili. Ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, hakuna anayeweza kukulazimisha Kiingereza. Kama ripoti ya mwombaji inasomwa kwa Kiingereza kitupu na wazee ukumbini hawafuati, inuka uombe itafsiriwe, na uombe ombi lako liandikwe kwenye kumbukumbu. Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya mwaka 2019, ilisisitiza kuwa ushirikishwaji wa umma uwe wa kweli na si wa kutimiza desturi tu. Kikao ambacho nusu ya waliokuja hawakuelewa kilichosemwa ni mfano mzuri wa desturi.

Mwishoni mwa maelezo yako sema: "Barua yangu ilipokelewa tarehe fulani, naomba iambatishwe na kumbukumbu za leo." Mpe karani nakala nyingine mkononi.

Yapo mambo matatu yanayoharibu vikao hivi mara kwa mara. Moja ni ahadi: mwombaji au mtu wake atasema ataajiri vijana 20, atachimbia shule kisima, atajenga choo. Ukumbi utapiga makofi. Usibishane na ahadi. Omba iandikwe kama sharti la ruhusa, pamoja na tarehe. Ahadi nyingi hupoa hapo hapo. Pili ni kura ya mikono. Mwenyekiti aliyechoka atasema "wanaokubali wainue mikono", na mabasi mawili ya watu msiowajua watainua. Inuka useme: "Naomba iandikwe kuwa sheria haikutaka kura, na kwamba idadi haikuchambuliwa nani ni mkazi." Mara moja, bila kupandisha sauti, kisha keti. Tatu ni maneno ya kufunga: "basi tumekubaliana". Kama hamkukubaliana, mtu mmoja, si kumi, aseme kuwa pingamizi zilizowasilishwa bado zipo. Mteueni mtu huyo kabla.

Wewe mwenyewe andika kumbukumbu zako: saa ya kuanza, aliyeongoza, waliosema na walichosema kwa ufupi, saa ya kufunga. Siku hiyo hiyo, ukiwa bado unakumbuka. Baada ya wiki omba nakala ya kumbukumbu rasmi ulinganishe. Ikiwa hoja yako imeandikwa "aliuliza kuhusu maji", andika barua fupi ya kusahihisha na uipigishe muhuri.

Ofisi ya mipango si mlango pekee. Kituo cha mafuta kinahitaji pia leseni ya mazingira ya NEMA na kibali cha ujenzi cha mamlaka ya nishati na petroli, EPRA. Na kama barabara iliyo mbele iko chini ya mamlaka ya taifa kama KURA (barabara za mijini) au KeNHA (barabara kuu), mlango wa magari unahitaji ruhusa yao. Kila mmoja ana faili lake na hawasomeani kama unavyodhani. Hoja ya visima iende NEMA kwa ukamilifu, hoja ya kona na geti la shule iende kwa wenye barabara. Ruhusa ya kaunti haizai leseni ya NEMA, wala leseni ya NEMA haizai ruhusa ya kaunti, ingawa mwenye mradi ataonyesha moja akidai ndizo zote. Uamuzi wa NEMA una rufaa yake kwenye baraza la kusikiliza kesi za mazingira (National Environment Tribunal), ndani ya siku 60. Ukifika huko, pamoja na rufaa omba amri ya kazi kusimama wakati kesi inasikizwa.

Tukirudi kwa kaunti: baada ya Alhamisi, pita ofisini kila wiki. Nasema kila wiki kwa sababu moja. Rufaa dhidi ya uamuzi wa waziri wa kaunti hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya rufaa za mipango ya ardhi, ile ambayo maafisa huiita kamati ya liezoni, ndani ya siku 14 za uamuzi. Uamuzi ukitolewa tarehe 28 Aprili, siku yako ya mwisho ni 12 Mei. Jirani hatumiwi barua kama anavyotumiwa mwombaji, na wengi hujua ruhusa imetoka siku wanapoona tingatinga. Kwenye barua yako ya kwanza omba kuarifiwa uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake, weka namba ya simu, na bado upite mwenyewe.

Sheria inampa haki ya rufaa mwombaji na mtu mwingine mwenye maslahi, na wewe uliyepinga kwa maandishi ukiwa mita 18 una maslahi bila ubishi. Mtu aliyenyamaza mwanzo akaja na rufaa atakuwa na kazi ya kueleza alikuwa wapi. Rufaa haihitaji wakili. Iandike kama ulivyoandika pingamizi, ukiongeza jambo moja: uamuzi ulikosea wapi. Haukujibu hoja ya visima? Ulitaja mpango wa mji usio huo? Ulitolewa kabla siku za pingamizi hazijaisha? Ambatisha barua yenye muhuri, mchoro, daftari la magari, picha ya bango, kumbukumbu zako. Kamati inatakiwa kuamua ndani ya siku 14. Asiyeridhika na kamati ndipo huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na hapo sasa tafuteni wakili, mkichangishana. Msiruke kamati mkaenda mahakamani moja kwa moja. Majaji huwarudisha watu waliopita dirishani wakati mlango wa rufaa ulikuwa wazi, na siku 14 zinakuwa zimeshapita.

Na ikiwa mwenye ploti ataanza kuchimba shimo la matangi kabla ya ruhusa, hilo ni kosa lenyewe, lenye faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Piga picha zenye tarehe kutoka upande wako wa ua, usiingie kwenye ploti yake. Andika siku hiyo hiyo kwa ofisi ya mipango ukiomba notisi ya kusimamisha ujenzi, na uweke ndani ile namba ya ombi uliyoipata siku ya kwanza, ili barua mpya ibanwe kwenye faili lile lile.